Labania: Zawadi ya sikukuu yenye faida kwa anayejua kupiga hesabu

KILA mwaka inapokaribia Krismasi au Idd, maduka ya mijini hujaa makopo ya biskuti na chokoleti kutoka nje, na wateja huyanunua kwa bei kubwa kwa sababu wanatafuta kitu cha kumpelekea mama mkwe, jirani au mteja wa kazini. Wakati huohuo, mfugaji wa Rungwe, Arusha au Muheza huwa na maziwa ya jioni ambayo mara nyingi hayapati mnunuzi, kwa kuwa vituo vingi vya kukusanyia hupokea maziwa asubuhi.

Vitu hivyo viwili vinaweza kukutana katika sufuria moja. Maziwa, sukari na siagi kidogo vikipikwa pamoja kwa utaratibu hutoa kitafunwa laini kinachokatwa vipande, ambacho watu wa Pwani na Visiwani wanakijua kwa jina la labania. Kwa Wazungu kitu kinachofanana nacho sana ni faji. Nchini Marekani, faji ilienezwa na wanafunzi wa vyuo vya wanawake. Barua ya mwanafunzi wa Chuo cha Vassar inaeleza jinsi alivyopika pauni 30, yaani karibu kilo 14, mwaka 1888 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi. Ni biashara iliyoanzia jikoni, bila kiwanda.

Hata hivyo, wengi wanaoingia katika shughuli hii wakati wa sikukuu hujikuta Januari wana madeni badala ya ada ya shule. Sababu si ladha mbaya bali ni kutojua gharama halisi ya pakiti moja.

Namna ya kupika

Kwa mpishi anayeanza, kipimo kizuri ni lita 1 ya maziwa mazima, nusu kilo ya sukari, gramu 50 za siagi, gramu 100 za karanga zilizokaangwa na kumenywa, na kijiko kidogo cha hiliki iliyotwangwa.

Maziwa yawe mabichi ya siku hiyohiyo. Yaliyoanza kuchacha hukatika yakipata moto, na yaliyoongezwa maji hula mkaa bure. Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, hivyo lita moja hubakiza takriban gramu 125 tu za kitu kigumu. Anayenunua kwa wingi hana budi kuwa na laktomita.

Tumia sufuria pana yenye kitako kizito, na usiijaze zaidi ya theluthi moja kwa kuwa maziwa hufura. Chemsha kwa moto wa wastani huku ukikoroga kwa mwiko wa mbao hadi yabaki kiasi cha robo. Tia sukari na siagi, koroga hadi sukari iyeyuke kabisa, kisha acha ichemke.

Kipimo cha kuiva ni tone moja katika kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likifanya donge laini linalobonyea kwa vidole, epua mara moja. Mwenye kipimajoto atasoma nyuzi 112 hadi 116 za Selsiasi, lakini hizo ni za Dar es Salaam, Tanga na sehemu nyingine za chini. Katika miinuko maji huchemka mapema. Mjini Arusha, kwenye takriban meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, mpishi apunguze nyuzi kama 4 au 5. Kipimo cha kikombe cha maji hakidanganyi popote.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi. Baada ya kuepua, usikoroge. Iache ipoe hadi sufuria iweze kushikika kwa kiganja, ndipo utie hiliki na karanga na kuanza kupiga kwa mwiko kwa nguvu mpaka mng'ao upotee na iwe nzito. Ikikorogwa ingali na moto mkali, sukari huganda kwa punje kubwa na labania huwa chengachenga mdomoni. Ikipigwa baada ya kupoa, punje huwa ndogo kiasi kwamba ulimi hauzihisi. Imimine katika sinia lililopakwa siagi, isawazishe, kisha ikate kabla haijakauka kabisa.

Iliyoharibika kwa chenga au kwa ulaini haitupwi. Ongeza maziwa kidogo, iyeyushe na uipike upya. Iliyoungua haina dawa.

Hesabu ya pakiti moja

Kipimo hicho hutoa karibu gramu 800, yaani pakiti 4 za gramu 200. Bei hutofautiana kati ya mkoa na mkoa, hivyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mjasiriamali aweke za soko lake.

Tuseme maziwa ni Sh 2,000, sukari Sh 1,500, siagi Sh 1,100, karanga Sh 400 na hiliki Sh 300. Jumla ni Sh 5,300, sawa na Sh 1,325 kwa pakiti. Wengi huishia hapo, wakapanga bei ya Sh 2,500 na kuamini wanapata faida ya karibu maradufu.

Ongeza mkaa Sh 1,000, vifungashio vinne Sh 2,000 na lebo Sh 400. Jumla inafika Sh 8,700. Kazi ya mpishi ni saa mbili na nusu. Ikihesabiwa Sh 1,000 kwa saa ni Sh 2,500 nyingine, na jumla inakuwa Sh 11,200. Tenga asilimia 10 kwa ajili ya zinazoungua, zinazovunjika na zinazoonjwa, yaani Sh 1,120. Gharama kamili ni Sh 12,320, au Sh 3,080 kwa pakiti.

Kumbe yule anayeuza kwa Sh 2,500 anapoteza Sh 580 katika kila pakiti, na kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo hasara inavyokua. Haioni kwa sababu inalipwa na jasho lake na mkaa wa nyumbani.

Akiuza mwenyewe kwa Sh 4,000 anapata Sh 920. Akipeleka dukani, na mwenye duka akachukua asilimia 20, anabakiwa na Sh 120 tu. Hivyo basi bei ya dukani haina budi kupangwa tangu mwanzo, si kushtukizwa nayo baadaye.

Mfugaji naye asijidanganye kwamba maziwa yake ni ya bure. Ayahesabu kwa bei ambayo angelipwa na mnunuzi wa kawaida. Ikiwa ni ya jioni na hayana soko kabisa, hapo ndipo faida yake inapomzidi mpishi wa mjini.

Njia ya kupunguza gharama ni kupika kwa wingi kidogo. Lita 3 katika sufuria kubwa hazichukui muda mara tatu. Zikichukua saa nne, kazi inagharimu takriban Sh 333 kwa pakiti badala ya Sh 625. Ni vema pia kununua sukari mapema, kwa kuwa bei yake haitabiriki. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua zilivuruga uzalishaji viwandani na sukari ikapanda ghafla nchini.

Upekee na ufungashaji

Mnunuzi wa zawadi hanunui utamu peke yake. Korosho za Mtwara, kahawa ya Kagera au nazi ya Pemba hufanya labania iwe na kwao, jambo ambalo kopo kutoka nje haliwezi. Vikapu vidogo vya ukili huipa sura ya sikukuu, na mteja hubaki na kikapu.

Desemba ni mwezi wa joto, hasa Pwani. Labania haiyeyuki upesi kama chokoleti, lakini hunyonya unyevu wa hewa na kunata. Funga kila kipande kwa karatasi ya nta, kisha weka katika chombo kisichopitisha hewa. Usifunge ikiwa na moto, kwani jasho lake huleta ukungu. Karanga zilizoota ukungu ziepukwe kabisa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

Lebo itaje jina la bidhaa, viungo, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na mahali pa kumpata mtengenezaji. Maneno "ina karanga na maziwa" yaonekane wazi, kwa kuwa wapo watu ambao karanga huwadhuru vibaya.

Kuhusu vibali, tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kutengenezea uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), siyo tena TFDA. SIDO hutoa mafunzo kwa wasindikaji wadogo, na halmashauri hutaka wanaoshika chakula wapimwe afya.

Oda kwanza, sufuria baadaye

Kosa linaloumiza zaidi ni kupika mzigo mkubwa kwa kukisia. Zawadi ya Krismasi isiyouzwa tarehe 24 hugeuka kitafunwa cha kawaida tarehe 26, na bei yake hushuka. Peleka vipande vya kuonja maofisini, makanisani, misikitini na kwenye vikundi vya kukopeshana mwezi mmoja kabla, pokea oda na udai nusu ya malipo. Fedha hiyo ndiyo inunue sukari.

Idd hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, hivyo kalenda ya mwaka jana haifai kutumiwa tena. Mwenye daftari la oda, bei na pakiti zilizorudi atajua mapema apike sufuria ngapi kwa sikukuu ijayo.