Mbwa wa Nyumbani na Mtoto Mdogo

Mbwa ameishi pamoja na binadamu kwa maelfu ya miaka. Usiku hulinda nyumba. Mchana hufuatana na wachungaji malishoni, na huwafukuza nyani shambani. Huitambua sauti ya bwana wake na harufu ya kila mtu wa nyumbani. Kwa sababu hiyo watu wengi hufikiri kwamba mbwa wao hawezi kumwuma mtoto wao. Fikira hiyo si sahihi. Watoto wadogo waumwao na mbwa, mara nyingi huumwa na mbwa wanayemfahamu: mbwa wa nyumbani kwao, wa jirani au wa ndugu. Katika somo hili tutajifunza kwa nini jambo hilo hutokea, na namna ya kulizuia.

Namna mbwa anavyoonya

Mara nyingi mbwa haumi ghafla. Akiogopa au akiudhiwa, kwanza hujaribu kuondoka. Asipoweza kuondoka, huonya kwa mwili wake. Hugeuza kichwa pembeni. Hulamba midomo ingawa hali kitu. Hupiga miayo ingawa hana usingizi. Hulaza masikio nyuma na kuuficha mkia katikati ya miguu. Akizidi kuudhiwa, mwili wake hukakamaa, weupe wa macho yake huonekana, naye hunguruma na kuonyesha meno. Onyo hilo lisiposikiwa, huuma. Mbwa mzima ana meno 42. Manne kati ya hayo ni chonge, ambazo ni ndefu na kali, nazo hutoboa ngozi na nyama kwa urahisi.

Kutikisa mkia si dalili ya furaha siku zote. Mbwa aliyekakamaa mwili, ambaye ameuinua mkia na kuutikisa upesi upesi, huenda yu karibu kuuma.

Kumchapa mbwa kwa sababu amenguruma ni kosa. Mngurumo ni onyo lake. Mbwa aliyezoeshwa kwa fimbo kunyamaza aweza kuuma siku nyingine bila ya kuonya.

Kwa nini mtoto mdogo yu hatarini

Tuchukue mfano. Mbwa amelala kivulini, naye amefungwa kwa mnyororo. Mtoto wa miaka mitatu anamwendea na kumkumbatia shingoni. Mbwa anageuza kichwa. Mtoto anazidi kumkumbatia. Mbwa analamba midomo, kisha anajaribu kusimama aondoke, lakini mnyororo unamzuia. Ananguruma na kuonyesha meno. Mtoto anacheka, kwa kuwa anadhani mbwa naye anacheka. Dada yake, aliyeachiwa kumwangalia, amekwenda jikoni mara moja kuchochea moto. Huko jikoni anasikia kilio.

Mbwa huyu alionya mara nne kabla ya kuuma. Mtoto hakuzielewa ishara zake, na mtu ambaye angeweza kuzielewa hakuwapo.

Mtoto wa umri huo hajui kusoma ishara za mbwa. Hupenda kuvuta mkia na masikio, kumpanda mgongoni, na kumnyang'anya mfupa. Tena ni mfupi. Uso wake u karibu na mdomo wa mbwa, na kwa hiyo watoto wadogo huumwa mara nyingi usoni, kichwani na shingoni, mahali ambapo jeraha ni la hatari zaidi.

Maana ya kuangalia

Kumwangalia mtoto si kuwa naye katika ua mmoja tu. Mtu mzima hana budi kuwa karibu kiasi cha kuweza kumfikia mtoto kwa mkono, na macho yake yawe kwa mtoto na kwa mbwa. Akiwa na kazi nyingine, hata kama ni ya dakika moja, yafaa kwanza awatenganishe: mbwa aingizwe bandani mwake, au mtoto aingizwe ndani ya nyumba.

Wewe mwanafunzi wa darasa la tano huenda ukaachiwa mdogo wako. Huna nguvu za kumzuia mbwa aliyekasirika, wala mzazi hatarajii umzuie. Kazi yako ni kuwatenga mapema. Ukitaka kwenda jikoni, mchukue mdogo wako uende naye.

Kanuni za kukumbuka

1. Usimguse mbwa anayekula, aliyelala, mgonjwa, au mwenye watoto wachanga.
2. Usimkumbatie mbwa, usimpande, wala usimvute mkia.
3. Usimchokoze mbwa aliyefungwa. Yeye hawezi kukimbia, kwa hiyo huuma upesi.
4. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie wala usipige kelele. Simama wima kama mti, mikono ubavuni, wala usimkazie macho. Akikuangusha, jikunje na kufunika uso na shingo kwa mikono.

Mtu akiumwa

Mate ya mbwa mgonjwa huweza kuwa na virusi vya kichaa cha mbwa. Virusi hivyo huingia mwilini kwa njia ya jeraha, husafiri katika mishipa ya fahamu, na hatimaye hufika ubongoni. Dalili za ugonjwa zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini virusi huchukua muda kusafiri, mara nyingi majuma kadhaa au miezi. Katika muda huo ugonjwa waweza kuzuiwa.

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Usipake pilipili, majivu, wala dawa ya majani. Kisha mgonjwa apelekwe zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Akiandikiwa sindano za chanjo, azimalize zote. Habari za mbwa huyo apewe mtaalamu wa mifugo.

Chanjo hiyo ina historia ndefu. Tarehe 6 Julai, 1885, mjini Paris, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister alianza kupewa chanjo iliyotengenezwa na mwanasayansi Louis Pasteur. Mtoto huyo alikuwa ameumwa na mbwa siku mbili kabla. Hakupata kichaa cha mbwa, akaishi hata akawa mtu mzima.

Watoto wengine huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa, au kwa kuwa walikuwa wakimchokoza mbwa. Usifiche. Hata kama kosa lilikuwa lako, mwambie mzazi au mwalimu mara moja, kwa kuwa jeraha lililofichwa laweza kuua. Mdogo wako naye akiumwa ulipokuwa umeachiwa kumwangalia, sema.

Mbwa naye achanjwe. Mbwa mwenye chanjo humlinda mwenyewe, jamaa yake na majirani.

Maswali

1. Taja ishara nne anazotoa mbwa kabla ya kuuma.
2. Kwa nini mbwa aliyefungwa huuma upesi kuliko mbwa aliye huru?
3. Katika mfano uliosoma, dada angefanya nini kabla ya kwenda jikoni?
4. Kwa nini jeraha la mbwa lisicheleweshwe?
5. Kaa mbali na mbwa wa nyumbani kwenu, ukiwa na mtu mzima. Mtazame bila ya kumsumbua, kisha andika namna anavyokaa masikio, mkia na mwili anapofurahi na anapoogopa.