Ngazi za waridi zilizotoweka usiku mmoja

Kabla hujaanza kusaka mtandaoni pahali pa kupigia picha likizo hii, ngoja nikusimulie kuhusu pahali ambapo hutawahi kufika. Hata uwe na pesa kama mchanga.

Ni New Zealand, Kisiwa cha Kaskazini, kando ya Ziwa Rotomahana chini ya volkano iitwayo Tarawera. Karne ya 19, watu walitoka Uingereza wakakaa melini miezi, wakapanda gari la farasi, wakamalizia na mtumbwi, ili tu waone mawe. Ndiyo, mawe! Mwanamfalme Alfred, mtoto wa Malkia Victoria, alifika 1870. Mwandishi Anthony Trollope naye alivua nguo akaingia kuoga.

Hayakuwa mawe ya kawaida lakini. Juu kabisa palikuwa na chemchemi inayochemka na kurusha maji hewani. Maji hayo yalishuka kidogo kidogo kuelekea ziwani, na kila yalipopita yaliacha jiwe, hadi pakajengeka ngazi kubwa ambayo kila kidato ni beseni la maji ya samawati. Upande mmoja wa ziwa ngazi ilikuwa nyeupe, Te Tarata, iliyoshuka karibu mita 30. Hebu piga picha jengo la orofa kumi lililomwagiwa sukari. Upande wa pili ilikuwa Otukapuarangi, yenye rangi ya waridi, na baadhi ya mabeseni yake yalikuwa na joto la kuogea tu.

Sasa utauliza, maji hujengaje? Nenda jikoni uchungulie sufuria ya kuchemshia maji, hasa kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi. Ule utando mweupe ulioganda chini ndio mwanzo wa hadithi, ingawa wa jikoni kwenu ni wa chokaa. Kule Rotomahana ilikuwa silika, kitu kile kile kinachotengeneza mchanga na kioo. Chini ya volkano maji hupata joto kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu uzito wa maji na miamba iliyo juu yake huyabana. Yakiwa moto hivyo huyeyusha silika kutoka kwenye mwamba. Yakifika juu yanapoa, mengine yanageuka mvuke, na silika haina tena pa kujificha. Inaganda. Utando juu ya utando, kila mmoja mwembamba kuliko karatasi, kwa mamia ya miaka.

Wenye ardhi walikuwa Wamaori wa ukoo wa Tūhourangi, na hawakuwa watu wa kuchezewa. Ulitaka mtumbwi, ulilipa. Ulitaka kuongozwa, ulilipa. Ulikuja na kamera, ulilipa pia. Biashara ilinoga hadi sanamu za nyumba yao ya mikutano, Hinemihi, zikawekewa macho ya sarafu za dhahabu. Mwongozaji wao maarufu alikuwa mama mmoja, Sophia Hinerangi, aliyeongea Kiingereza kama maji. Na watalii ni watalii tu: wapo walioandika majina yao kwenye mawe kwa penseli. Silika ikapita juu na kuyafunika kwa utando kama wa kioo, majina yakabaki yanasomeka.

Mwisho wa Mei 1886, Sophia na wageni wake waliona mtumbwi wa ajabu katika Ziwa Tarawera, mtumbwi wa vita ambao wenyeji walisema hakuna wa aina hiyo pale. Amini usiamini. Siku kama kumi baadaye, usiku wa kuamkia Juni 10, Tarawera ilipasuka. Ufa wa kilomita 17 ulifunguka, ukakata hadi chini ya Rotomahana. Watu takriban 120 walikufa na kijiji cha Te Wairoa kikazikwa kwa tope na majivu. Zaidi ya watu 60 walinusurika kwa kujibanza katika nyumba ya Sophia.

Kulipokucha, ngazi hazikuwapo. Hadi leo wataalamu hawajaelewana. Mwaka 2011 kundi moja lilishusha mitambo ziwani na kusema limeona mabaki chini ya maji. Wengine, wakitumia shajara ya vipimo vya Ferdinand von Hochstetter ya 1859, wanadai ziko nchi kavu, chini ya majivu.

Volkano hatuwezi kuilaumu. Lakini New Zealand ilipoteza chemchemi nyingine kwa mkono wake. Kituo cha umeme wa mvuke cha Wairakei kilianza kazi 1958, na katika miaka michache chemchemi zilizokuwa zikiruka kwenye bonde la jirani zikanyamaza. Mawe yalibaki, ila maji ya kuyajenga hayakuja tena. Mjini Rotorua mambo yalielekea huko huko, kwani wakazi walikuwa wamechimba visima kila kona kupasha nyumba joto, hadi miaka ya 1980 serikali ikaamuru vyote vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka chemchemi ya Pohutu vifungwe. Hasira ilikuwa kubwa, maana nani anapenda kuzimiwa hita? Lakini Pohutu inaruka mpaka leo.

Wewe unayechaji simu hapa Kenya, sehemu kubwa ya chaji hiyo ni mvuke wa Olkaria. Binafsi sina shida nao. Afadhali huo kuliko moshi wa dizeli. Lakini uchimbaji umefika Paka pia, kaskazini mwa Bogoria, na Bogoria ndiko tuliko na chemchemi zetu zinazoruka, zikijenga mawe yake, mengi yakiwa ya chokaa. Hapo kuna hesabu ya kupigwa mapema, kabla ya kisima na si baada.

Tena Bogoria ina presha nyingine. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni na kufunika chemchemi nyingi. Ukienda Loburu kuchemsha mayai yako, usikanyage ukingo, ukoko ni mwembamba na chini yake maji yanatokota. Kisha mwombe mwongozaji akuonyeshe zilipokuwa zile za zamani. Atanyoosha kidole kuelekea ziwani.