Azimio 242: kibainishi kilichokosekana na jina lisilotajwa

Tarehe 22 Novemba 1967 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipigia kura maandishi mafupi sana, na wajumbe wote 15 wakayakubali. Maandishi hayo ni Azimio 242. Tangu siku ile, karibu kila mazungumzo ya amani kati ya Israeli na majirani zake, na baadaye kati ya Israeli na Wapalestina, yameyataja kuwa msingi. Wanasheria wameandika mengi juu yake. Sisi wa isimu nasi tuna haki ya kuyasoma, kwa sababu ugomvi wake mkubwa unahusu jambo tunalofundishwa mwaka wa kwanza: kibainishi, yaani yale maneno madogo ya Kifaransa «le, la, les», na «the» ya Kiingereza.

Tuanze na hali yenyewe. Katika vita vya siku sita vya Juni 1967 Israeli ilitwaa Sinai na Ukanda wa Gaza vilivyokuwa mikononi mwa Misri, Ukingo wa Magharibi pamoja na Yerusalemu ya Mashariki vilivyokuwa mikononi mwa Yordani, na miinuko ya Golan ya Siria. Miezi mitano baadaye balozi wa Uingereza, Lord Caradon, alileta maandishi ambayo kila upande ungeweza kuyameza. Utangulizi wake unasema kwamba haikubaliki kujipatia ardhi kwa vita. Kisha azimio linataka mambo mawili yaende pamoja: majeshi ya Israeli yaondoke, na kila dola la eneo lile liishi kwa amani ndani ya mipaka salama inayotambuliwa.

Yaondoke wapi? Kiingereza kinasema «from territories occupied in the recent conflict». Kifaransa kinasema «des territoires occupés lors du récent conflit». Hapo ndipo penye shida. Kiingereza hakina kibainishi mbele ya «territories», kwa hiyo Israeli na wanaoiunga mkono wanasema: ni maeneo fulani, si lazima yote. Nchi za Kiarabu zinashika Kifaransa: ni maeneo yale yote yaliyotwaliwa.

Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunajua kwamba «des» ina sura mbili. Katika «j'ai vu des maisons» ni wingi usio bainishi: nyumba kadhaa. Lakini «retrait» inadai kihusishi «de», na «de» ikikutana na «les» inazaa «des». Kama mwandishi angetaka maana isiyo bainishi, sarufi ingemlazimisha kuandika «retrait de territoires occupés», kwa kuwa «des» isiyo bainishi hupotea baada ya «de». Basi, kwa sarufi tupu, Kifaransa kinaelekea kwenye «yale maeneo». Na hicho si tafsiri ya daraja la pili: Kiingereza na Kifaransa ndizo zilikuwa lugha za kazi za Baraza wakati huo. Balozi wa Ufaransa, Armand Bérard, aliyasema hayo palepale kikaoni. Kiarabu hakikuwa bado lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa, na Kiebrania hakijawahi kuwa. Lugha za wenye ugomvi zote mbili zilikaa nje ya mlango.

Je, Kiingereza bila «the» kinamaanisha «baadhi»? Sidhani kwamba ni lazima. Tujaribu kwa Kiswahili, ambacho hakina kibainishi cha namna hiyo:

Majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyotwaliwa vitani.

Wengi wetu tutasikia «yote». Kirejeshi «yaliyo-» kimechora duara, na amri inagusa kila kilicho ndani yake. Ndivyo tunavyosoma tangazo la chuo: «Wanafunzi wasiolipa minervali hawataingia mtihanini.» Hakuna anayekwenda kwa katibu kusema kwamba tangazo linahusu baadhi tu ya wasiolipa (ingawa wako ambao wangejaribu). Lakini kirejeshi peke yake hakitoshi. Nikisema «nimenunua vitabu vilivyochapwa Nairobi», sikununua vyote vilivyochapwa kule. Sentensi ya kwanza ni amri, ya pili ni habari, na tofauti hiyo inafanya kazi ambayo Mfaransa angempa «les». Tungeweza pia kukaza kwa kiambishi cha yambwa, «maeneo waliyoyatwaa», au kwa kionyeshi, «yale maeneo». Wanaosoma Kinande au Kishi watafikiria irabu inayotangulia kiambishi cha ngeli, ambayo nayo ina siri zake.

Neno «occupés» nalo lina mtego wake. Redio zinazotangaza kwa Kiswahili husema «maeneo yanayokaliwa kwa mabavu». Azimio halina «mabavu». Lakini mtangazaji afanye nini? «Maeneo yanayokaliwa» peke yake ni maeneo yenye wakaaji, basi. Kifaransa kina neno la sheria ya vita; Kiswahili kimelazimika kuliunda kwa maneno mawili, na la pili limebeba hukumu.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kibainishi kilisahauliwa kwa haraka hajasoma historia. Kilikataliwa. Wakati wa majadiliano kulikuwa na juhudi za kuingiza neno «yote», na hazikufaulu. Caradon mwenyewe alieleza baadaye kwamba mistari ya kabla ya vita haikuwa mipaka mizuri, bali mahali askari walipokutwa mapigano ya 1948 yalipokoma. Papo hapo aliendelea kusisitiza yale maneno ya utangulizi yanayokataa ardhi ya vita. Siku ya kura, mjumbe wa India alisema anaelewa kuwa ni maeneo yote. Abba Eban wa Israeli hakukubali. Pengo liliachwa makusudi ili kura ipatikane. Kwa hiyo sarufi inaweza kutuonyesha pengo lilipo, lakini haiwezi kulijaza.

Tena hesabu ya kilomita inadanganya. Sinai, yenye kilomita za mraba zipatazo 60,000, ilirudi Misri ifikapo Aprili 1982, na wako Waisraeli wanaosema kwamba kwa hiyo sehemu kubwa ya «territories» imekwisha kurudishwa. Kweli. Ila Ukingo wa Magharibi una kilomita kama 5,700 na Gaza 365, na ndipo Wapalestina wanapoishi.

Nao Wapalestina, wako wapi katika azimio? Hawamo. Kibainishi kimejadiliwa zaidi ya miaka 50, na kwa maoni yangu kimefunika ukimya mkubwa kuliko wake. Azimio linadai suluhisho la haki la «tatizo la wakimbizi», na hapo Kiingereza kina «the» kamili, lakini wakimbizi gani hakisemi. Waisraeli wengi hudai kwamba linawahusu pia Wayahudi waliotoka nchi za Kiarabu. Watu wapatao 700,000 waliopoteza makao yao mwaka 1948 wameitwa kwa hali yao, si kwa jina lao. Wakimbizi hupewa msaada. Taifa hudai nchi. Ndiyo maana Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, kilikataa Azimio 242 hadi 1988. Katika barua walizobadilishana Septemba 1993, Yasser Arafat alikubali azimio hilo na haki ya Israeli kuwepo, naye Yitzhak Rabin aliitambua PLO kuwa mwakilishi wa watu wa Palestina. Jina lilipata karatasi yake. Mpaka haukupata.

Tarehe 19 Julai 2024, vita vya Gaza vilivyoanza baada ya mashambulizi ya Hamas ya 7 Oktoba 2023 vikiendelea, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake huko The Hague. Ilisema kwamba kuendelea kuwepo kwa Israeli katika Eneo la Palestina Lililokaliwa ni kinyume cha sheria na kukome haraka iwezekanavyo. Israeli iliyakataa maoni hayo. Walowezi wake katika Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu ya Mashariki wamepita 700,000. Mwanaisimu atazame jina lenyewe: «maeneo» ya 1967 yamekuwa «eneo», umoja, na Mahakama inalihesabu kuwa kitu kimoja kisichokatwa vipande. Kiingereza chake kina «the».