Je, kompyuta yaweza kututabiria unene wa watoto?

Mtoto wako wa miaka mitano atakuwa na uzani gani akifika miaka 35? Mwaka wa 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walijaribu kulijibu swali hilo. Walichukua vipimo halisi vya kimo na uzani, wakaunda ndani ya kompyuta watoto wa kubuni, milioni moja kwa kila kundi, kisha wakawakuza hadi miaka 35. Jibu lilitisha: zaidi ya nusu ya watoto wa Marekani, asilimia 57, wangekuwa wanene kupita kiasi.

Faida ya uigizaji huo ni kwamba hukupunguzia kungoja. Chukua soda ya mililita 300, ambayo ina vijiko vidogo saba hivi vya sukari. Wanyime watoto wa kompyuta chupa hiyo moja kila siku, na papo hapo utaonyeshwa makadirio ya uzani wao baada ya miaka kumi.

Lakini msomaji, usidhani mashine hiyo ina uganga. Unga ukiwa na mchanga, sima nayo itakuwa na mchanga. Tuseme twataka kuunda watoto wa kompyuta wa Matsangoni, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Hapo kuna bahati: eneo hilo limo katika rejista ya watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi, ambao wameandika vizazi, vifo na uhamaji tangu mwaka wa 2000. Hata hivyo, kuandika vizazi si kuandika chakula.

Tena shida yetu si ile ya Marekani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 37 ya watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kwa Kenya nzima ni asilimia 18. Mtoto aliyedumaa akizoeshwa mandazi, viazi karai na chai ya sukari nyingi, uzani hupanda na kimo hubaki nyuma. Ukilinganisha uzani na kimo, aweza kuonekana yuko sawa, au hata mnene, na kumbe mwili wakosa protini na madini. Kompyuta iliyolishwa vipimo vya Marekani yaweza kushauri apunguziwe chakula, mtoto ambaye alihitaji kuongezewa dagaa, kunde na maziwa!

Basi ukimpeleka mtoto kliniki, usitosheke na mizani. Omba apimwe kimo pia, na vyote viandikwe katika kijitabu chake.