Uvimbe wa Taya Si Jino Bovu Tu

Mama mpenzi wa Kibondo na Kasulu, taya la mwanao likivimba na meno yakalegea, usikimbilie kununua dawa ya jino dukani. Huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958. Hukua kwa siku chache tu, lakini watoto wengi hupona wakiwahiwa.

Omba rufaa upesi, kwa mfano kwenda Bugando, Mwanza. Huko tiba hupitia mikononi mwa mfamasia. Hukadiria dawa kwa uzito na kimo cha mtoto, huichanganya, na huandika wazi kwamba vinkristini ni ya mshipa wa damu tu, maana ikichomwa uti wa mgongoni huua.

Muulize bila haya utakayofanya nyumbani. Dawa hizi hupunguza kinga. Homa ikipanda usiku, usingoje asubuhi: mpeleke hospitali ya karibu, useme anatibiwa saratani.

Uvimbe hunywea mapema, na shamba linakuita. Hata hivyo, dada, usikatishe tiba. Kunywea si kupona.