Nyaya za maikrofoni jukwaani

Nyaya za maikrofoni jukwaani ni nyaya zinazopeleka sauti ya waimbaji na ala kutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye mikseri. Kuzipanga ni kazi ya fundi mitambo kabla ya tamasha, mkutano wa hadhara au ibada. Zikipangwa ovyo, wasanii hujikwaa, mvumo huingia kwenye spika, na waya mbovu huchukua muda mrefu kupatikana.

Jinsi waya unavyofanya kazi

Umeme unaotoka kwenye maikrofoni ni mdogo sana, mara nyingi milivolti chache tu, kwa hiyo huharibiwa na kelele kwa urahisi. Waya wa kawaida una plagi ya XLR yenye pini 3. Pini ya 1 huunganishwa na wavu wa kinga; pini za 2 na 3 hubeba sauti ileile kwa mielekeo inayopingana. Kelele ikiingia njiani huzipata nyaya zote mbili za ndani kwa kiasi karibu sawa. Mikseri huchukua tofauti kati ya nyaya hizo, hivyo kelele hufutika na sauti hubaki.

Hata hivyo kinga hiyo ina kikomo. Waya wa maikrofoni ukilazwa sambamba na waya wa umeme wa hertzi 50, mvumo mzito unaweza kusikika. Ndiyo sababu nyaya za umeme hupitishwa upande wake, na zikilazimika kukutana na za sauti hukatishwa kwa pembe mraba.

Upangaji

* Kila maikrofoni hupewa namba, na namba hiyo huandikwa kwenye ncha zote mbili za waya wake.
* Nyaya fupi huishia kwenye kisanduku kilicho kando ya jukwaa. Kutoka hapo kebo moja nene huenda kwenye mikseri.
* Waya unaobaki huviringishwa chini ya stendi, ili stendi iweze kusogezwa.
* Nyaya hupitishwa nyuma ya wasanii. Zinapokatiza njia hufunikwa kwa zulia au kubandikwa kwa utepe.

Namba husaidia zaidi pale vikundi vinapopokezana. Katika Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004, vikundi kadhaa hupanda jukwaani kwa siku moja. Kikundi cha taarab chenye fidla, kanuni, udi na kodiani huhitaji maikrofoni nyingi kuliko mwimbaji mmoja mwenye gitaa. Kwaya yenye maikrofoni 4 katika kata ya milimani kama Msangeni, wilayani Mwanga, hufuata kanuni zilezile: sauti moja ikipotea, fundi huangalia namba na kwenda moja kwa moja kwenye waya wake.

Utunzaji

Waya hukunjwa kwa duara pana, duara moja kwa juu na linalofuata kwa chini, ili usijisokote. Kuuzungusha kwenye kiwiko hukata nyuzi za ndani polepole. Waya uliokatika hutiwa alama na kutengwa hadi utengenezwe, usije ukatumika tena kwa makosa.