Mmea Unywao kwa Majani

Mkulima apandaye mahindi hufukia mbegu udongoni, kwa kuwa humo ndimo mizizi ipatamo maji na chakula. Lakini uko mmea ambao mtu akiufukia udongoni atauua. Jina lake ni tilandsia, na kwao ni Amerika. Aina zake zapita 600, na nyingi huota juu ya matawi ya miti au juu ya majabali.

Mtu auonaye mara ya kwanza hudhani kwamba ni kimelea, yaani mmea unyonyao utomvu wa mti mwingine. Sivyo. Mizizi yake ni kamba tu za kujifungia tawini, usije ukaangushwa na upepo. Basi, hunywaje? Hunywa kwa majani. Juu ya kila jani yapo magamba madogo mno, yenye rangi ya fedha. Mvua inyeshapo, magamba hayo hufyonza maji na kuyapitisha ndani, pamoja na chumvi zitokazo katika vumbi lililoletwa na upepo. Jua liwakapo, magamba hurudisha mwangaza wake, jani lisikauke upesi.

Katika Meksiko na Guatemala iko aina moja ndogo iitwayo ionantha, ambayo yaweza kukaa katika kiganja cha mkono. Majani yake ni ya kijani. Lakini ikaribiapo kuchanua, majani ya katikati hugeuka kuwa mekundu, na maua ya zambarau huchomoza. Kwa uzuri huo watu wa nchi nyingi huipamba nyumbani. Huifunga kwa uzi juu ya kipande cha gogo, au huiweka ndani ya kombe la pwani, karibu na dirisha, mahali penye mwanga pasipofikiwa na jua kali la adhuhuri.

Kuitunza si kazi ngumu, ila wengi huiua kwa wema wao. Wakisikia kwamba hunywa kwa majani, huilaza majini mchana na usiku, hata moyo wake ukaoza. Sababu ni hii: jani lile lile linywalo ndilo lipumualo, na matundu yake ya pumzi hufunguka usiku. Maji yakitanda juu yake, hewa haipiti. Kwa hiyo mtunzaji mwenye busara huichovya asubuhi, mara moja au mbili kwa juma, kisha huipindua na kuikung'uta, ili usiku uikute imekauka.

Ionantha huchanua mara moja tu, kisha hufa polepole. Lakini, kama mgomba, huacha machipukizi shinani, nayo hukua na kuchanua kwa zamu yao. Basi asiitupe upesi mtu aonaye maua yamenyauka. Na atazame kwanza chini ya majani. Kila mmea una njia yake ya kuishi, na atakaye kuutunza hana budi kujifunza njia hiyo kwanza.